Ndoo ya Karani

Optatus aliachishwa kazi siku ya Jumatano, mwezi wa sita, mwaka tisini na tatu, akiwa na spana mkononi. Bwana mmoja aliteremka kwenye gari, akamsomea barua, akamtaka atie sahihi. Hakuwa na kalamu. Aliazima ya Optatus mwenyewe, na alipoondoka akaondoka nayo.

Barua ilisema serikali inapunguza watumishi, kwamba maji sasa yatakuwa ya kuchangia, na kwamba mashine itasimama hadi utaratibu mpya utakapopatikana. Optatus aliisoma mara tatu. Mtu mwingine angeelewa kwamba kazi imekwisha. Yeye alielewa kwamba wanamtafutia utaratibu.

Miaka ishirini na miwili alikuwa ameisimamia mashine ile bondeni, penye chemchemi, akiyasukuma maji yapande mlima mpaka Newala juu. Watu wa juu walimwita Bwana Maji. Maji yalipotoka bombani walimshukuru Mungu; yasipotoka walimtukana Bwana Maji. Alizoea.

Vitu alivyoondoka navyo siku ile vilikuwa vitatu: koti la mvua, cheti cha utumishi mwema, na kobe.

Kobe huyo alikuwa wa maji, mweusi, mpana kama sahani ya wali. Aliingia katika tangi la kuchujia mwaka wa sabini na sita, labda kwa mafuriko, labda kwa miguu yake, hakuna aliyemwajiri. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe, akakaa pale akiwatazama wenzake wakifanya kazi hadi saa tisa alasiri, kisha akateremka. Ndiyo maana wakamwita Karani. Sasa bwana mwenye barua alikuwa ameagiza tangi lifunguliwe likauke, lisije likazaa mbu, na katika barua yake hapakuwa na neno lolote kuhusu Karani.

Optatus alimtia kwenye debe, akamfunika kwa majani ya mgomba.

"Usiogope," alimwambia. "Siku mashine ikiwashwa tunateremka wote wawili. Kwa hiyo usinifie. Ukinifia nitaripoti na nani?"

Msicheke. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne alisema hivyo, na alimaanisha. Moyoni mwake lilikuwa jambo moja tu: Karani akiwa hai, kazi haijaisha.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni kabisa mwa mlima, mwisho wa bomba. Bomba lenyewe alilifunga Optatus kwa mikono yake mwaka alipooa, na hata enzi mashine ilipokuwa nzima maji yalifika pale siku ambazo Mungu alipenda. Siku nyingine mkewe, Veridiana, aliteremka bondeni na ndoo. Alitoka alfajiri, akafuata njia ya mawe ambayo wanawake waliiita Ngazini, akarudi saa tatu, ndoo kichwani. Optatus hakuwahi kuipita njia hiyo. Yeye alizunguka barabarani na gari la Idara ya Maji, Jumatatu kwenda, Jumamosi kurudi. Lakini kutoka kwenye mashine alikuwa akimwona mkewe ng'ambo, penye chemchemi, na kila alipomwona alimpungia mkono. Veridiana naye alimpungia. Mkono mmoja, wa pili ulikuwa umeshika ndoo.

Veridiana alikuwa mama wa Felix, kijana wao aliyekuwa Masasi akiuza mitumba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliyatumia kama alivyotumia maji. Siku mumewe alipofika na debe aliinua jani, akachungulia.

"Huyu naye wamempunguza?"

"Tumesimamishwa kwa muda," alisema Optatus.

"Haya," alisema Veridiana, akaenda kupika.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya hata akiwa amelewa. Nyumbani kwa Veridiana maji yalikuwa na vyeo. Ya mtungini yalikuwa ya kunywa na kupikia. Yaliyoosha mihogo yaliosha sahani; yaliyoosha sahani yaliosha miguu; yaliyoosha miguu yalimwagiwa mpapai, na mpapai haukulalamika. Cheo cha maji ya kukaa ndani yake hakikuwapo. Tangu mlima ule uumbwe hapajatokea mtu aliyekaa ndani ya maji, sembuse kobe. Na kobe wanaojulikana kule juu ni wale wa porini, wanaopita kwenye mikorosho wakila majani, na sifa yao kubwa, inayowafanya waheshimiwe, ni kwamba hawajawahi kumwomba mtu maji.

Kwa hiyo Optatus, Bwana Maji, aliyemwona Karani akiogelea kwa miaka kumi na saba, alimtia kwenye sanduku la sabuni, akamtandikia majani makavu ya mkorosho, akamweka kibarazani. Majirani walikuja kumtazama, wakalisifu sanduku. Hakuna aliyesema "maji". Ukimuuliza Optatus mpaka leo ilikuwaje, atakujibu tu kwamba bondeni ni bondeni.

Alimpa kisamvu, Karani asile. Alimpa papai, asile. Alimpa majani ya kunde, kipande cha ming'oko, vile viazi vya porini, na siku ya Jumapili wali, maana huenda alikuwa na maringo ya ofisini. Hakula. Siku ya tano alifumba macho. Siku ya nane ngozi ya shingo ikamkauka, ikakunjamana. Kichwa alikuwa amekilaza pembeni, chini ya gamba, na hakukitoa hata alipoitwa kwa jina.

"Anafunga," Optatus alimwambia mkewe.

"Kwaresima ilishapita," alisema Veridiana.

Siku ya kumi na tatu Optatus hakula yeye. Aliogopa, na alikuwa akiogopa kweli. Alikaa kibarazani na sanduku, akiweka kidole mbele ya pua ya Karani kuona kama pumzi inatoka. Ilitoka, lakini kidogo.

Hapo akapita Shamte, muuza samaki wakavu, aliyekuwa akipanda na basi la Masasi kila juma na kuzungusha kapu lake nyumba kwa nyumba. Kwao kulikuwa kando ya Ruvuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una dagaa?"

"Ninao. Mzee, huyo kobe mmemlaza jenezani, amefariki?"

Optatus alimweleza yote, kisamvu, papai, wali. Shamte alitua kapu, akamwinua Karani, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua sufuria.

"Huyu wa maji, mzee. Kobe wa porini huingiza kichwa moja kwa moja ndani. Huyu anakilaza ubavuni, umeona? Na miguu hii ina utando, kama ya bata. Majani ya nini? Huyu anakula samaki, chura, minyoo, panzi. Na hamezi akiwa nje. Mpaka awe majini ndipo chakula kinapita. Muwekee beseni, muwekee na jiwe apande kuota jua. Jua la asubuhi, lisilomchoma." Akamrudisha sandukuni. "Lakini mzee, si ndiwe uliyekuwa Bwana Maji?"

Optatus akasema ndiye. Shamte hakuuliza zaidi, na hiyo ni adabu.

Veridiana alikuwa shambani. Optatus alichukua beseni la bluu la kuogea, akaenda mtungini, akachota kata moja, akatazama mlangoni, akachota kata ya pili, kisha akaacha kuhesabu. Karani aliwekwa ndani akazama hadi chini, akatulia. Saa nzima ikapita. Optatus alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, na aliyempita njiani angedhani anasali. Kisha jicho moja likafunguka. La pili likafuata. Optatus alidondosha dagaa mmoja mbele yake. Karani akamtazama yule dagaa kwa muda mrefu, kama barua yenye kasoro, halafu pap! akamkata kichwa.

Optatus alilia. Nasema alilia, machozi yenyewe, kamasi na vyote.

Veridiana aliporudi hakwenda kwenye beseni. Alikwenda mtungini, akaupiga kwa kidole, akausikiliza.

"Mtungi umepungua."

"Alikuwa anakufa, Mama Felix. Kumbe ni wa maji."

"Kumbe," alisema Veridiana. "Mrudishe basi kwenye maji. Bondeni yapo."

"Tangi limekauka. Na huyu ni mtumishi, yuko chini yangu. Wakituita nitasema nimemtupa?"

Veridiana alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Siku hiyo alitumia maneno mengi kuliko kawaida yake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana siku kumi na tatu na jembe hashiki. Sikuzuii kumfuga. Lakini maji ninayobeba kwa shingo yangu ni ya watu. Ndoo ya Karani itabebwa na watu wa ofisi yake."

Ofisi ilikuwa na mtu mmoja.

Basi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini mjue kwamba kule juu mwanamume kuteremka Ngazini kuchota maji si jambo la kawaida. Mwenye baiskeli atafunga madumu na kuzunguka barabarani, na huyo ni mfanyabiashara, ana heshima yake. Mwanamume mwenye ndoo Ngazini ama kafiwa na mke ama kakimbiwa. Optatus hakuwa na baiskeli. Aliazima mzega, ule mti wa begani wenye debe kila upande, maana ndoo ya kichwani ni ya wanawake na yeye bado alikuwa na cheti.

Ngazini kulikuwa na mawe yaliyosuguliwa na nyayo hadi yakang'aa, na kila hatua ilitaka uamue upya kama unataka kuishi. Mzega ulikuwa mrefu kuliko njia. Kwenye kona ya kwanza debe la mbele liligonga mwamba, la nyuma likamgonga mwenyewe. Wanawake walikuwa wakipanda, ndoo vichwani, mikono wameachia, wakiongea. Mbele alikuwa Sikudhani, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Chiungutwa.

"Jamani, pisheni!" aliita Sikudhani. "Pisheni, Idara inapita! Shikamoo Baba Felix. Leo bomba linatembea kwa miguu?"

"Marahaba," alisema Optatus, akiwa amekumbatia mwamba.

Veridiana alikuwa wa nne katika msafara. Alipita bila kumtazama, kama mtu anayepishana na gari.

Alifika nyumbani adhuhuri. Kati ya madebe mawili ilibaki nusu ya moja. Aliimwaga yote kwenye beseni la Karani, akamtafutia jiwe, akamgeuzia upande wa jua, akaketi kumtazama. Hakumimina hata kata moja mtungini. Sisemi alifanya kwa ubaya. Halikumjia tu akilini.

Ikawa hivyo Julai, Agosti, Septemba, ikaingia Oktoba, mabibo yakianza kuanguka. Siku moja anateremka, siku moja anapumzika. Karani akanawiri. Ngozi ikalainika, gamba likang'aa, na akapata harufu ambayo mgeni aliisikia tangu barabarani. Optatus alikuwa amejifunza mengi: kwamba dagaa wa chumvi lazima aroweshwe kwanza, kwamba Karani akishiba huchafua maji palepale bila haya, kwamba anapenda panzi kuliko kitu chochote. Aliyasimulia yote hayo kwa mtu yeyote aliyesimama. Maji machafu ya beseni yalikwenda kwa mpapai, ukazaa kama umepandwa wazimu. Utaratibu mpya haukusikika. Optatus alikuwa akichota chemchemini hatua mia mbili kutoka kwenye mashine yake, na hakwenda kuitazama hata siku moja. Hakutaka aonekane anachungulia ofisi kabla hajaitwa.

Asubuhi moja Veridiana alichelewa. Saa tatu ilipita, saa nne ikapita. Optatus alikuwa kibarazani, akimlisha Karani panzi, alipomwona anaingia uani akichechemea. Ndoo ilikuwa mkononi, imebonyea ubavu mmoja, tupu. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Nimeanguka Ngazini," alisema.

"Lo! Pole, Mama Felix. Pole sana." Akamletea kigoda, na hilo alilifanya haraka. Halafu, kwa kuwa ukimya ulimtisha, akaongeza: "Afadhali Karani nilimbadilishia maji jana."

Veridiana alikaa. Alifungua kanga yake ya pili, akaanza kulifunga goti, taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Alipomaliza fundo ndipo aliposema, wala sauti hakuipandisha.

"Baba Felix. Miaka ishirini na miwili nimeteremka Ngazini nina magoti mawili, na ulikuwa unanipungia mkono. Amekuja kobe, umeshuka." Akalitazama beseni. "Kumbe ningezaliwa na gamba."

Kisha akaomba maji ya kunywa.

Optatus alikwenda mtungini. Mtungi ulikuwa mkavu. Nyumba nzima maji yalikuwa kwenye beseni tu, na Karani alikuwa ndani yake, ameshiba. Majibu alikuwa nayo: kazi, desturi, gari la Idara, siku sita za juma.  Lakini aliona aibu.  Alikwenda kwa Sikudhani akaomba kikombe, akampa mkewe, akachukua mzega akateremka juani, saa saba ya mchana, wakati ambao hata mbuzi hawateremki. Alipopanda, maji yote yaliyokuwa yamebaki kwenye madebe yaliingia mtungini. Akateremka tena.

Mara hii ya pili chemchemini hapakuwa na mtu wa kumwona, akazivuka zile hatua mia mbili. Kufuli la mlango lilikuwa zima, limefungwa vizuri, kwenye nyumba isiyo na paa. Mashine haikuwapo. Zilibaki bolti nne zimesimama kwenye zege, alizozikaza mwenyewe mwaka wa sabini na moja, na mafuta meusi yaliyokauka. Tangi lilijaa majani. Jiwe la Karani lilikuwa mahali pake. Optatus alikaa juu ya jiwe hilo akatazama mbele, kama Karani alivyokuwa akitazama, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi. Akajua. Alikuwa amejua siku nyingi, ila kujua kulikuwa hakujapata pa kukaa.

Kesho yake alimteremsha Karani, kwenye debe lilelile. Alimpeleka kwenye kidimbwi cha chini, kuliko na matete, mbali na wachotaji.

"Ofisi imefungwa," alimwambia. "Si kosa lako. Ulifanya kazi kama ulivyofanya siku zote."

Karani alitembea hatua tatu kwenye matope, akaingia, akazama. Hakugeuka. Tangu zamani hakuwa na tabia ya kuaga. Optatus alisimama pale mpaka duara za maji zikaisha, moyo ukimuuma, kisha akaenda chemchemini kujaza madebe, maana nyumbani mtungi ulikuwa ukingoja.

Goti la Veridiana lilichukua wiki tatu. Wiki hizo tatu Optatus aliteremka kila siku, na hilo si la kusifiwa, maana mwingine hakuwapo. Alfajiri goti lilipopona, Veridiana aliamka, akajifunga kanga, akachukua ndoo yake iliyobonyea. Mlangoni akamkuta mumewe amesimama na mzega begani.

"Karani hayupo," alisema Veridiana. "Na mimi nimepona. Unakwenda wapi?"

"Ngazini."

"Ndoo ya nani?"

"Ya Mama Felix."

 Veridiana aliutazama mzega, akautoa begani, akausimamisha nyuma ya mlango. "Huu unamwaga," alisema. Akachana pande la kanga kuukuu, jekundu, akalisokota, akalizungusha likawa ngata, akamwinamisha mumewe kichwa na kumwekea. Akamkabidhi ndoo ya pili. Optatus alibaki ameinama kidogo, akiogopa isianguke.

Wakashuka, mke mbele, mume nyuma. Kwenye kona ya kwanza walikutana na Sikudhani na wenzake wakipanda. Sikudhani alimwona Optatus, akaiona ngata, akafungua mdomo.

"Pisheni," alisema Veridiana. "Idara inapita."